Kuomba kazi ya uhandisi au umeneja kwenye metro za Ghuba: anza hapa

Ujumbe huwa unafanana. "Kaka habari, nasikia uko metro huko Uarabuni, nifanyie koneksheni." Halafu linafuata faili la CV lenye kurasa saba, na ya kwanza ina picha, dini, kabila na idadi ya watoto. Koneksheni sina. Nilichonacho ni miaka kadhaa ya kufanya kazi za matengenezo ya reli usiku, na kumbukumbu ya makosa niliyoyafanya kabla ya kuipata kazi yenyewe. Nimechoka kujibu swali lilelile kwa sauti ya WhatsApp, kwa hiyo nimeliandika lote hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Mwongozo huu ni wa mhandisi, fundi sanifu au mtu wa menejimenti aliyeko Tanzania, Kenya au Uganda, anayetaka kazi kwenye treni za mjini za Dubai, Doha au Riyadh. Kama unatafuta ulinzi, usafi au ukarimu, zile kazi zipo na wenzetu wengi wanazifanya (yule kijana Mkenya, Abubakr Abbas, aliyekaa kwenye kiti kirefu Doha wakati wa Kombe la Dunia 2022 akiimba "metro, njia hii" alijulikana duniani kuliko mhandisi yeyote wa Qatar), lakini njia yake ni nyingine kabisa.

KABLA YA KUANZA, KUSANYA HIVI

Pasipoti yenye zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuisha. Shahada au stashahada halisi pamoja na transkripti. Cheti cha usajili wa bodi ya wahandisi ya nchi yako: ERB kwa Tanzania na Uganda, EBK kwa Kenya. Kwa watu wa uhasibu na ununuzi, bodi zenu mnazijua. Barua za uzoefu kutoka kwa kila mwajiri, zenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cheo na muhuri. Cheti cha kuzaliwa, na cha ndoa kama unafikiria kuja na familia. Barua pepe yenye jina lako, siyo ile ya sekondari yenye "sweetboy" ndani yake.

Barua za uzoefu ndizo zinazokwamisha wengi. Mwajiri wa zamani amefunga ofisi, au meneja mliachana kwa ugomvi. Zitafute sasa hivi, kabla hujaona tangazo lolote, maana tangazo likitoka huwa lina wiki mbili tu na wewe utakuwa bado unabembeleza mtu wa masijala.

Cheti cha tabia njema cha polisi usikikate mapema. Kina umri mfupi machoni pa waajiri, na utajikuta unakikata mara mbili. Subiri mpaka uombwe.

HATUA KWA HATUA

1. Jua unamwomba nani.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jina lililoandikwa kwenye treni mara nyingi siyo la kampuni itakayokulipa mshahara. Metro ya mjini ina tabaka tatu: mwenye mali, mwendeshaji, na mkandarasi.

Chukua Dubai. Mwenye mali ni RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya mji. Lakini tangu Septemba 2021 anayeendesha treni na kuzitunza ni Keolis-MHI, ubia wa Keolis ya Ufaransa na kampuni za Mitsubishi za Japani. Kabla yake ilikuwa Serco ya Uingereza. Kwa hiyo fundi wa mabehewa anayetuma maombi RTA kila wiki anagonga mlango wa mwenye nyumba wakati anayetafuta wafanyakazi ni mpangaji. Wakati huohuo, laini mpya ya Bluu, kilomita 30 na vituo 14, inajengwa na ubia wa MAPA, LIMAK na CRRC, na imepangwa kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029. Mhandisi wa ujenzi, wa mahandaki au wa madaraja mlango wake ni huko kwa wakandarasi na kwa washauri wanaowasimamia.

Doha vivyo hivyo. Mali ni ya Qatar Rail, na mwendeshaji ni RKH Qitarat, ubia wa Hamad Group na Keolis pamoja na RATP Dev. Mtandao una laini tatu, kilomita 76 na vituo 37, na ulifunguliwa kuanzia Mei 2019. Ujenzi mkubwa wa awamu ile umekwisha, kwa hiyo nafasi nyingi ni za uendeshaji na matengenezo.

Riyadh ndiyo changa kuliko zote: laini 6, vituo 85, kilomita 176, na abiria wa kwanza walipanda tarehe 1 Desemba 2024. Mwenye mali ni tume ya kifalme ya mji wa Riyadh. Uendeshaji umegawanywa kwa kampuni mbili: Camco ina laini ya 1 na ya 2, na Flow ina zilizobaki.

Andika majina haya kwenye karatasi, chini ya kila mji weka mwenye mali, mwendeshaji na wakandarasi. Fungua ukurasa wa ajira wa kila mmoja na ujisajili. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, na tayari utakuwa mbele ya wengi walionitumia CV.

2. Chagua mlango wako, na uwe mmoja.

Kwanza: hakuna kazi ya udereva wa treni. Metro za Dubai, Doha na Riyadh hazina dereva, zinaongozwa na mfumo kutoka chumba cha udhibiti. Kila mwezi mtu ananiuliza nafasi za udereva wa metro, na kuna mawakala wanaoziuza. Anayekuuzia kazi hiyo anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Kazi za uhandisi zimegawanyika hivi: mabehewa, yaani treni yenyewe na vyote vilivyomo, umeme wa kuvutia treni, kuanzia vituo vya kupoza umeme mpaka reli ya tatu (ile inayobeba umeme), ishara na mawasiliano, njia, yaani reli na pointi (pale treni inapobadili njia), na mitambo ya vituo kama lifti, ngazi za umeme, viyoyozi na milango ya jukwaani. Hili la mwisho watu wetu wanalidharau, wakati ndilo lenye mlango mpana kuliko yote. Metro ya mji wenye joto la nyuzi 45 bila viyoyozi haifanyi kazi hata saa moja. Kama umetunza lifti na viyoyozi vya hospitali au uwanja wa ndege, wewe una uzoefu wanaoutaka hata kama hujawahi kugusa reli.

Upande wa menejimenti, nafasi zinazofikika kwa mgeni ni mipango ya matengenezo, mikataba, usalama, ubora, stoo na ununuzi, na uendeshaji wa vituo. Rasilimali watu na utawala wa kawaida usipoteze muda navyo sana. Nchi zote tatu zina sera za kuwapa kazi wananchi wao kwanza, na kule Saudi Arabia baadhi ya vyeo vya rasilimali watu vimetengwa kabisa kwa raia.

3. Andika CV upya.

Isirekebishwe ile ya zamani. Andika mpya, kurasa mbili, tatu ukiwa na miaka zaidi ya kumi. Toa dini, kabila, shule ya msingi na "napenda kusoma na kuangalia mpira".

Mhandisi mmoja kijana wa Morogoro alinitumia mstari huu: "Nilihusika na matengenezo ya mifumo ya umeme." Nikampigia simu nikamuuliza, ulihusika vipi? Akaanza kueleza, na kila alichosema kilikuwa dhahabu ambayo hakuiweka kwenye karatasi. Tukaandika hivi, na namba ni zake: "Niliongoza mafundi 6 kwenye vituo 3 vya kupoza umeme vya kV 25, nilitoa vibali vya kazi na kusimamia ukataji wa umeme na uwekaji wa waya za kutuliza umeme ardhini, nilipunguza kazi zilizolala kutoka 41 hadi 9 ndani ya miezi minne." Utaiandika kwa Kiingereza bila shaka, lakini umbo ni hilo: mfumo gani, ukubwa gani, ulikuwa na mamlaka gani, nini kilibadilika.

Kama umefanya kazi kwenye SGR, ieleze ili mtu wa metro aielewe. Ya Tanzania inatumia umeme wa kV 25 kwenye nyaya za juu na mfumo wa ishara wa ETCS daraja la 2. Metro hizi zinatumia volti 750 za mkondo mnyoofu kwenye reli ya tatu, na ishara zake ni za aina ya CBTC, zinazowasiliana na treni muda wote. Usijifanye unaijua CBTC kama huijui. Sema umefanya ETCS, na sema vinavyofanana: redio, vihesabio vya ekseli, mashine za pointi, mantiki ya kufunga njia. Ya Kenya inatumia vichwa vya dizeli, lakini usikate tamaa kwa hilo. Breki, magurudumu, milango, viyoyozi vya behewa na nidhamu ya karakana havijali injini inakula nini.

Tumia maneno yaleyale ya tangazo. CV nyingi zinachujwa na programu kabla mtu hajaziona, na programu haijui kuwa ulichokiita "ukarabati" ndicho wao walichokiita matengenezo ya kinga.

4. Anza safari ya mihuri.

Shahada yako haitambuliki kule mpaka ipitie mlolongo wa uthibitisho. Kwa kawaida ni hivi: mamlaka ya elimu au mthibitishaji wa viapo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na mwisho wizara ya mambo ya nje ya huko ukishafika. Emirati, Qatar na Saudi Arabia zote zina balozi Dar es Salaam na Nairobi. Hakikisha unajua nchi kabla ya kulipa, kwa sababu muhuri wa ubalozi wa Qatar haukusaidii kitu Dubai.

Onyo kubwa: usipige leminesheni cheti. Najua mzazi wako alikipiga siku uliyohitimu, kwa upendo. Cheti chenye plastiki hakigongeki muhuri na ofisi nyingi zitakirudisha. Kama kimeshapigwa, usijaribu kukibandua kwa pasi kama nilivyofanya mimi, nikabaki na nusu ya saini ya makamu mkuu wa chuo. Nenda chuoni uulize utaratibu wa nakala nyingine.

Mhandisi anayekwenda Saudi Arabia ana mlima wa ziada: lazima usajiliwe na Baraza la Wahandisi la Saudi, na wamekuwa wakitaka mhandisi mgeni awe na uzoefu wa angalau miaka 5. Mwenye miaka miwili aelekeze nguvu Dubai au Doha kwanza, au abaki nyumbani aongeze miaka.

5. Tuma maombi kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe.

LinkedIn ni nzuri kwa kuona nafasi imetoka na kwa kumjua meneja anayeajiri. Maombi yenyewe yatume kwenye ukurasa wa ajira wa kampuni. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mtu aitwaye Juma Hamisi kwenye pasipoti na Juma H. Mwinyi kwenye shahada ni watu wawili kwa mtu wa visa.

Watakuuliza mshahara unaotarajia. Usiandike sifuri, na usiandike "tutaelewana". Tafuta kiwango cha nafasi kama hiyo katika mji ule, weka namba ya kati, endelea.

Watakuuliza pia kama tayari una visa ya ukaazi. Jibu ukweli. Kuna wanaojibu ndiyo ili wapite mchujo, na wanaumbuka simu ya kwanza tu.

Nafasi tatu zinazokufaa kwa mwezi, kila moja na CV iliyonyooshwa kwa ajili yake, zinazidi nafasi hamsini zilizotumiwa faili lilelile. Na usiombe nafasi ya fundi, ya mhandisi na ya meneja katika kampuni moja wiki moja. Anayesoma ni yuleyule.

6. Mahojiano.

Kwanza saa. Doha na Riyadh wana saa moja na sisi. Dubai wako mbele kwa saa moja. Rafiki yangu alipata barua pepe inayosema 10:00 kwa saa za Dubai, akaigeuza vizuri kuwa saa nne asubuhi, akasahau kuwa saa nne ya Dubai ni saa tatu ya Dar. Akafungua kompyuta na tai shingoni, akakuta chumba kitupu. Andika saa za kwao na za kwetu kwenye karatasi moja na uibandike ukutani.

Mahojiano ya kiufundi kwenye metro yana umbo lake. Hawakuulizi nadharia sana. Wanakupa usiku mmoja. Mfano ninaoupenda, na niliwahi kuulizwa kitu cha aina hiyo: "Ni saa nane usiku. Pointi ya kutokea karakana imekataa kufunga. Treni ya kwanza inatoka saa kumi na nusu. Utafanya nini?"

Wengi huanza kutengeneza. Wanafungua kifuniko, wanapima mota, wanasafisha, wanapaka mafuta. Anayekuuliza anatikisa kichwa taratibu huku akiandika. Anachosubiri ni hiki: nani unamwarifu kabla hujaisogelea reli, kibali cha kuingia njiani kimetolewa na nani, reli ya tatu imekatwa umeme, imepimwa kwamba imekufa, na imetulizwa, nani anakulinda, ndipo unagusa kifuniko. Halafu, na hapa ndipo meneja anapotofautiana na fundi, utaje saa. "Ikifika saa tisa na nusu haijakubali, naacha kutengeneza, naomba ruhusa ya kuifunga kwa mkono upande mmoja, na chumba cha udhibiti wapange treni zitokee kwa njia nyingine. Muda uliobaki nautumia kuhesabu vifaa vyangu na kurudisha njia." Kuhesabu vifaa kuna uzito wake. Spana moja iliyosahaulika kwenye reli ni asubuhi iliyoharibika kwa mji mzima.

Jiandae na hadithi tatu za kweli kutoka kazini kwako: hitilafu uliyoitatua, kosa ulilofanya wewe mwenyewe, na mara uliyokataa kazi iendelee kwa sababu haikuwa salama. Ya pili ndiyo watu wetu wanaiogopa. "Sijawahi kufanya kosa" ni jibu linalokuondoa, kwa sababu reli inaishi kwa watu wanaoripoti makosa yao.

Kwa nafasi za umeneja, watakuuliza idadi: watu wangapi, bajeti kiasi gani, mkataba wa aina gani, adhabu gani treni zikichelewa. Mwendeshaji analipwa na mwenye mali kwa vipimo vya utendaji na anakatwa vikishuka. Ukionyesha unaelewa hivyo, umeshatoka kwenye kundi.

7. Soma ofa na kikokotozi mkononi.

Usiangalie jumla peke yake. Angalia mshahara wa msingi ni kiasi gani ndani ya jumla hiyo. Emirati, kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Tuseme ofa mbili zote ni dirhamu 15,000 kwa mwezi. Ya kwanza msingi ni 9,000 na posho 6,000. Ya pili msingi ni 6,000 na posho 9,000. Ukiondoka baada ya miaka mitano, ya kwanza inakupa 9,000 gawa kwa 30, mara 21, mara 5: dirhamu 31,500. Ya pili inakupa 21,000. Ofa zinazolingana kwa macho zimetofautiana kwa dirhamu 10,500. Qatar nako hesabu ni ya msingi, angalau wiki tatu kwa mwaka. Saudi Arabia ni nusu mwezi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, kisha mwezi mzima.

Uliza haya kwa maandishi: nyumba mnatoa au mnalipa posho? Bima ya afya inahusu familia? Tiketi ya kurudi nyumbani kila mwaka au kila miaka miwili? Zamu za usiku zina posho? Muda wa majaribio ni miezi mingapi? Emirati sheria hairuhusu izidi sita. Kodi ya mapato kwenye mshahara hakuna, lakini pango la Dubai litakukumbusha kuwa hakuna cha bure.

Usiache kazi ya nyumbani kwa sababu ya ofa peke yake. Subiri mkataba uliosainiwa na visa au kibali cha kuingia. Kuna aliyeaga ofisi nzima, wakamchangia na keki, akakaa miezi minne akisubiri kibali.

8. Visa, vipimo na safari.

Mwajiri ndiye anashughulikia kibali. Ukifika utapimwa afya, ikiwemo kifua kikuu na VVU, na majibu yanaweza kukuzuia kupata ukaazi. Pima nyumbani kwanza, kimya kimya, ujue unasimama wapi kabla ya kuuza vyombo.

Usikubali kusafiri kwa visa ya matembezi kwa ahadi kwamba "utabadilishiwa ukifika". Kufanya kazi kwa visa ya matembezi ni kosa, na anayebeba kosa ni wewe.

KUHUSU HELA

Hili nalitenga. Emirati sheria ya kazi inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Anayekuomba "ada ya faili", "ada ya mkataba" au "hela ya kuharakisha" ili upate kazi ya uhandisi metro, ni tapeli au ni wakala anayekula pande mbili. Mimi nililipa. Mwaka wa kwanza wa kutafuta, wakala mmoja alinionyesha barua yenye nembo nzuri, nikampa akiba ya mwaka. Nembo ilikuwa imenakiliwa, na barua pepe ya "meneja" iliishia na gmail. Kampuni ya ukubwa huo haiajiri kwa gmail.

Kama lazima upitie wakala, hakikisha ana leseni: Kenya kwa mamlaka ya taifa ya ajira, NEA, Tanzania uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Dakika kumi za kuuliza.

UKIKWAMA

"Nimeomba mara thelathini, sijajibiwa hata moja." Kwanza angalia CV: ina maneno ya tangazo? Halafu angalia mlango: uliomba kwa mwenye mali nafasi ambayo mwendeshaji ndiye anaajiri? Mara nyingi ni moja ya hayo mawili. Kama yote yako sawa, tatizo ni uzoefu kuwa mdogo kwa nafasi unazoomba. Shuka daraja moja.

"Majina kwenye vyeti na pasipoti hayalingani." Hati ya kiapo kwa mwanasheria au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kutegemea tofauti ni ndogo au kubwa. Ifanye kabla ya mihuri, maana nayo inataka mihuri.

"Nina stashahada, siyo shahada." Omba nafasi za fundi sanifu na msimamizi. Zipo nyingi kuliko za uhandisi, na mabosi wazuri niliowahi kufanya nao kazi walianzia huko. Usijiandike mhandisi kwenye CV, wakati wa kuthibitisha vyeti utaonekana.

"Sina uzoefu wowote wa reli." Una uzoefu wa viwanja vya ndege, bandari, TANESCO, KPLC, viwanda vya saruji, hospitali kubwa? Nenda kwenye mitambo ya vituo au umeme. Huna hata huo? Fanya miaka miwili au mitatu kwenye SGR ya nyumbani au kwa wakandarasi wake, halafu rudi kwenye mwongozo huu.

"Mahojiano yalikwenda vizuri, halafu kimya." Wiki mbili, andika barua pepe fupi moja ya kuuliza. Baada ya hapo usiandike tena. Idhini ya bajeti na ya visa inaweza kuchukua miezi, na mimi niliitwa mwezi wa tano nikiwa nimeshasahau.

"Mwajiri wa zamani anakataa kunipa barua ya uzoefu." Tumia mkataba wa kazi, barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na taarifa za michango ya hifadhi ya jamii zinazoonyesha miezi yote. Si waajiri wote watakubali, ila wengi hukubali ukiwaeleza mapema, siyo siku ya mwisho.

"Ofa imekuja, lakini cheo kwenye visa ni tofauti na cheo kwenye mkataba." Uliza kabla ya kusaini. Wakati mwingine ni orodha ya serikali ya kazi ambayo haina jina la cheo chako, na hilo halina neno. Lakini kama mkataba unasema mhandisi na visa inasema fundi kwa sababu shahada yako haijagongwa mihuri, rudi hatua ya 4 uimalize. Kulirekebisha ukiwa nyumbani ni mizunguko ya posta na wizarani. Kulirekebisha ukiwa Doha ni kuomba nyumbani wamtumie shemeji yako shahada halisi kwa basi kutoka Tanga hadi Dar, na kukaa bila usingizi mpaka akuambie ameipokea.